Mtu Asiyeshika Ufunguo

Mtoto akikamatwa huko Kailo, mkoani Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huulizwa jina, kisha umri, na hapo kwenye umri ndipo mambo mengi huharibika. Vijana wengi wa machimbo ya kasiterite, mawe yenye bati, hawana cheti cha kuzaliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kuwa katika Kongo nzima, kati ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5, asilimia 25 tu ndio walioandikishwa serikalini. Basi askari hutazama kimo na mabega, na mvulana aliyebeba magunia ya mawe tangu utotoni huhesabiwa mtu mzima.

Ilhali sheria inahesabu miaka kwa makini. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inasema aliye chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai kwa vyovyote, hakimu amwachilie. Aliyefika 14 na hajatimiza 18 apelekwe kwenye mahakama ya watoto, na akihitaji kuwekwa mahali, awekwe katika kituo cha serikali cha ulinzi na malezi. Vituo hivyo ni vichache mno. Ndiyo sababu katika miji mingi ya Kongo mtoto hujikuta ndani ya gereza la kawaida, akitenganishwa na wakubwa kwa ukuta mmoja, na pengine hata ukuta haupo.

Humo ndimo anamoingia padri wa gereza, au mchungaji, au shehe.

Mara nyingi haji mikono mitupu. Katika magereza ya Kongo asiye na ndugu wa kumletea chakula hulala na njaa, na mama wa Kailo asiye na nauli hawezi kufika Kindu, mji mkuu wa mkoa, kila juma. Kwa hiyo kabla ya sala huja sabuni, maharage na unga wa muhogo. Kisha mgeni huketi chini, pale pale walipoketi watoto, wakaongea habari za mpira. Mwenye busara hamwulizi mtoto alifanya nini. Swali hilo mtoto amekwisha kuulizwa na kila mtu, na jibu lake limekwisha kuandikwa.

Hana ufunguo mtu huyu, wala hawezi kupunguza kifungo hata kwa siku moja. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinampa mtoto haki ya kutembelewa na kiongozi wa dini yake, na papo hapo zinampa haki ya kukataa ibada na mashauri yake. Hapo, kwa kweli, ndipo uzito wa kazi hii ulipo. Kuamka, kupanga foleni, kulala, vyote gerezani ni amri. Padri ni karibu mtu pekee ambaye mtoto anaweza kumwambia, “Leo sitaki,” asiadhibiwe. Naye padri sharti arudi juma lijalo.

Maniema inadai jambo jingine tena. Uislamu ulifika huku karne ya 19 pamoja na misafara ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake, na hadi leo Waislamu ni wengi kuliko katika sehemu nyingi za Kongo. Padri anayemkuta mtoto Mwislamu amefunga Ramadhani, kazi yake ni kumtafuta shehe, na futari ipatikane. Hata Papa hakubagua dini: Alhamisi Kuu ya 2013, katika gereza la vijana la Casal del Marmo jijini Roma, Papa Fransisko aliwaosha miguu vijana 12, na Waislamu walikuwa miongoni mwao.

Huko huko Italia, katika miaka ya 1840, padri kijana Yohane Bosco alikuwa akizuru magereza ya Torino. Kilichomsumbua ni kuwaona wavulana wale wale wakitoka na kurudi, kwa kuwa nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Akaanza kuwakusanya vijana, akawatafutia kazi za ufundi na mabwana wa kuwafundisha. Shirika lake, la Wasalesiani, lilifika Kongo mwaka 1911.

Kwa mtoto wa Kailo, nje maana yake ni kijiji. Na huku padri ana kitu ambacho askari hana: kitabu cha ubatizo cha parokia. Si cheti cha serikali, lakini tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo miaka 15 iliyopita yaweza kumpa hakimu mahali pa kuanzia. Ana katekista kijijini anayemjua mjomba wa mtoto, na, kosa likiwa wizi, wanashirika wanaoweza kwenda kwa mwenye mali iliyoibwa kuomba mazungumzo. Ile sheria ya 2009 nayo inakubali usuluhishi kwa makosa mepesi. Mazungumzo hayo huweza kuchukua majuma. Mjomba ataka kwanza kujua nani atalipa, na mwenye mali ataka kumwona kijana mwenyewe, asimame mbele yake, aseme.

Halafu machimbo yako pale pale, hatua chache kutoka nyumbani, na sheria inayokataza watoto kuchimba haileti chakula cha jioni. Padri akimpeleka kijana hadi mlangoni kwao, huwa bado anatafuta seremala wa kumpokea.