Ufunguo Usio na Irabu

Je, wajua kwamba ufunguo wa leseni ya Windows hauwezi kuandika hata neno moja la Kiswahili? Una alama 25 katika mafungu matano, na humo hutaikuta a, e, i, o wala u. Sifuri haimo, 1 haimo, 5 haimo. S, L na Z nazo hazimo. Zinazotumika ni 24 tu: B, C, D, F, G, H, J, K, M, P, Q, R, T, V, W, X na Y, pamoja na 2, 3, 4, 6, 7, 8 na 9. Kuanzia Windows 8 imeongezeka N. Kwa hiyo ukiinama juu ya kibandiko kilichofutika ukadhani umeona O, hiyo ni Q, au D, au G. Ukiona S, tazama tena: huenda ni 8.

Nimeanza na alama hizi kwa sababu zinazikwa kila wiki bila kufa. Laptopu ikigoma kufunguka, neno la kwanza utakalosikia hapa Uganda, iwe Mbarara mjini au kwenye vibanda vya Nakivale, ni "imekufa". La pili ni "leta hela nikupigie Windows nyingine". Inayopigwa ni ya kuchakachuliwa, mara nyingi imekuja na virusi vyake, na leseni halali ambayo mwenye mashine alikwishailipia inabaki ndani haijaguswa. Mimi hili linaniuma.

Nakivale, wilayani Isingiro, inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo wanaishi humo, na kompyuta moja iliyonunuliwa ikiwa mtumba inaweza kulisha nyumba nzima: picha za pasipoti, barua za maombi, fomu za shule. Mama mmoja wa Kikongo mwenye kazi hiyo pale Base Camp aliniletea ya kwake imefungwa ndani ya kitenge. "Papa, niambie kweli, imekufa?" Nikaigeuza. Chini yake palikuwa na kibandiko kidogo chenye nembo ya Windows tu, bila alama 25. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kwamba kwa kuwa hakuna namba, hakuna leseni.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wengi waliacha kuuchapa ufunguo kwenye kibandiko. Wanauandika ndani ya chipu ndogo iliyo kwenye bodi kuu, ileile inayohifadhi programu ya kuiamsha mashine, katika jedwali liitwalo MSDM. Diski ikifa, jedwali halidhuriki. Mashine ya yule mama diski yake ilikuwa inagonga kama saa mbovu, lakini bodi ilikuwa nzima. Nilichomeka flashi yenye Linux, nikaiwasha kutoka hapo, nikafungua faili la MSDM lililo chini ya /sys/firmware/acpi/tables. Mwishoni mwake alama 29 zilikuwa zimekaa wazi: 25 za ufunguo na vistari vinne. Kazi ya dakika tano.

Tena hata kuusoma si lazima. Ukiweka diski mpya na kupiga Windows upya, programu ya usakinishaji inautafuta ufunguo huo yenyewe, mradi toleo liwe lilelile. Mashine iliyokuja na Home ikipigwa Pro, ufunguo hautambuliki, na fundi anapata kisingizio cha kuichakachua.

Mashine za zamani ndizo zenye utamu. Za Windows 7 zina ufunguo kwenye kibandiko, nacho husuguliwa na meza na mapaja mpaka kinabaki cheupe. Lakini Windows yenyewe iliweka nakala katika rejista yake, ambayo ni faili tu kwenye diski: Windows, System32, config, SOFTWARE. Ikiwa bodi imeungua na diski ni nzima, toa skrubu, ichomoe diski, iunganishe kwa waya wa USB na kompyuta nyingine, kisha ulifungue faili hilo humo. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa DigitalProductId, na ukihesabu kuanzia sifuri, baiti 15 zinazoanzia ya 52 ndizo ufunguo wako.

Ila hutaona herufi yoyote. Alama zote 25 zimeshindiliwa kuwa namba moja kubwa, inayoweza kufika tarakimu 35. Chukua namba hiyo kama rundo la maharage na upime kwa vikombe 24 kwa gunia. Vikombe vinavyobaki bila kujaza gunia ndivyo alama ya mwisho ya ufunguo: visipobaki ni B, kikibaki kimoja ni C, viwili ni D, na kuendelea mpaka 9. Sasa hesabu magunia yenyewe, nayo uyagawe kwa 24, na mabaki yake ni alama ya 24. Unakwenda hivyo kutoka kulia kwenda kushoto, mara 25, mpaka rundo liishe. Kuna programu ndogo za bure zinazofanya kazi hii kwa kufumba na kufumbua, lakini niliwahi kuifanya kwa kalamu jioni moja umeme ulipokatika, na tangu siku hiyo sijaogopa kompyuta isiyofunguka.

Tahadhari zipo. Kwenye mashine za kampuni kubwa zilizotoka na Windows 7, ufunguo wa rejista mara nyingi ni wa kampuni nzima, si ule wa kibandiko. Office ya 2013 na zilizofuata huacha alama tano za mwisho tu, hivyo hapo usijisumbue. Diski iliyofungwa kwa BitLocker inadai kwanza namba yake ya tarakimu 48. Na ufunguo uliokuja na mashine haukuruhusu kuuhamishia mashine nyingine. Ule wa dukani unaruhusu.

Njia hiyohiyo ya flashi na waya inaokoa picha, barua, vyeti vilivyopigwa skani, daftari la wadeni, na inakuonyesha kama muuza mtumba alisema kweli kuhusu leseni.

Yule mama aliuandika ufunguo nyuma ya daftari lake la mauzo. Kisha akampigia simu fundi wa Mbarara aliyekuwa akiiandaa diski nyingine kwenye mashine yake mwenyewe, isiyo na jedwali lile, amsomee. Yeye amesoma kwa Kifaransa, fundi kwa Kiingereza. Alipotamka "ji" akimaanisha J, upande wa pili iliandikwa G, kwa kuwa kwa Kiingereza "ji" ndiyo G, na herufi zote mbili zimo katika zile 24. Ufunguo ukakataa mara mbili. Mara ya tatu akaacha Kifaransa: "J ya jembe, fundi. Halafu G ya gari." Windows ikakubali.