Herufi za Mwenye Gari wa Kwanza

Magari mengi ya biashara mjini Morogoro yalianza kazi Japani, na baadhi yake bado yanatangaza biashara za huko. Kirikuu inayoshusha ndizi za Matombo ina ubavuni jina la duka ambalo sokoni hakuna anayelijua. Coaster iliyopaki Msamvu ina katuni za wanyama, kwa sababu kabla ya kuvuka bahari ilikuwa ikipeleka watoto chekechea. Mwenye jicho kali huona na jambo la tatu: kwenye magari ya mizigo ya Kijapani, jina la ubavu wa kulia mara nyingi huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, ili herufi ya kwanza ikae mbele ya gari na ya mwisho ikae nyuma. Jina ni lilelile, ila kila ubavu una mpangilio wake.

Juu ya hayo huja maandishi ya hapa nyumbani: jina la kampuni, namba ya simu, nembo ya mradi, au "Basi la Shule" kwa herufi nyeusi. Gari likiuzwa, jina hubadilika kwenye kadi, lakini ubavuni mwenye gari wa zamani anaweza kubaki miaka. Hilo si suala la urembo tu. Gari la mradi lililonunuliwa mnadani likipanda Mgeta kufuata kabichi na karoti huku bado lina nembo mlangoni, wanakijiji wana haki ya kudhani mradi umerudi. Likigonga mtu, simu ya kwanza itapigwa kwa mtu aliyekwisha kuliuza. Herufi hizo zinapaswa kutoka, na zitolewe na mtu anayejua anachokigusa.

Herufi hizo mara nyingi ni stika, yaani utando wa plastiki ya PVC uliolainishwa kwa kemikali, na mgongoni una gundi isiyokauka, inayoshika kwa kukandamizwa. Ikiwa mpya, hubanduka kipande kizima. Miaka ikipita, jua huila: kilainishi hutoka, plastiki hukakamaa, husinyaa na kupasuka, huku gundi ikizidi kushikana na rangi. Boneti na paa ndizo huteseka zaidi kwa sababu zinatazama jua la adhuhuri moja kwa moja. Ndiyo maana fundi anaweza kumaliza milango miwili kwa muda mfupi, kisha akashinda kutwa nzima juu ya boneti akitoa vipande visivyozidi ukucha.

Chini ya gundi kuna rangi, na hapo ndipo fedha za mwenye gari zinapopotea. Rangi ya kiwandani, tabaka zake zote zikijumlishwa, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, karibu sawa na ukurasa wa daftari. Tabaka la juu kabisa, lile angavu linalolipa gari mng'ao, ni chini ya nusu ya hapo. Bisibisi au msasa mkavu ukiteleza kidogo, tabaka hilo limekwenda, na halirudi kwa polishi.

Kuna tofauti nyingine ambayo wenye magari wengi hawaambiwi. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto 140 hivi hadi ikashikamana kikemia. Rangi nyingi zinazopigwa kwenye gereji za mtaani hukauka kwa njia moja tu: thina inaruka hewani, rangi inabaki. Rangi ya namna hiyo ikikutana tena na thina huyeyuka upya, hata baada ya miaka. Kitambaa kilekile chenye thina kinachoweza kupita salama juu ya mlango wa kiwandani hutoka kimejaa rangi kikipita kwenye mlango uliowahi kunyooshwa na kupigwa rangi upya. Fundi makini huanza kwa kujaribu dawa yake mahali pasipoonekana, mathalani nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta au kwenye ukingo wa ndani wa mlango.

Njia iliyo salama zaidi ni joto, na Morogoro haina uhaba wa joto. Stika hulegea bodi ikifika nyuzi joto 50 hadi 60, yaani pale ambapo kiganja hakivumilii kutulia juu ya bati. Gari la rangi nzito likiachwa juani saa saba mchana hufika hapo lenyewe, bila umeme wala gharama. Penye kivuli, au kwa gari jeupe lisilopata moto haraka, mashine ya kukaushia nywele ya saluni inatosha, mradi isogezwe sogezwe. Joto likizidi, plastiki huachana na gundi na kuiacha yote kwenye bodi, na bampa la plastiki linaweza kupinda. Kona huinuliwa kwa kucha au kadi ngumu ya plastiki, kisha utando huvutwa polepole ukiwa umekunjwa kurudi nyuma, karibu na bati. Kuvuta kwa nguvu kwenda nje huing'oa rangi iliyopigwa vibaya pamoja na herufi.

Gundi iliyobaki hulainishwa kwa mafuta ya taa kidogo au spiriti kwenye kitambaa, ikaachwa dakika chache, ikafutwa, halafu mahali pote pakaoshwa kwa sabuni ya maji. Hata mafuta ya kupikia husaidia, ingawa hutaka subira zaidi. Kazi hii haina sababu ya kufanywa kwa haraka, na fundi anayeanza kwa kukwangua gundi ikiwa kavu anastahili kusimamishwa.

Wengine hukimbilia petroli, kwa kuwa ipo tayari kwenye tangi. Mji huu una sababu ya kuwa wa mwisho kuizoea petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kulifikia jiko la mama ntilie au cheche ya mashine ya kuchomelea kabla aliyeshika kitambaa hajasikia harufu ikizidi. Mafuta ya taa nayo huwaka, lakini katika joto la kawaida hayatoi mvuke mwingi kiasi hicho. Kwa kufuta herufi nne mlangoni, hatari ya petroli haina malipo yanayolingana nayo.

Maji ya kuoshea nayo yana safari ndefu. Mito ya Morogoro, Kikundi na Bigwa hushuka kutoka Uluguru, ikapita mjini, ikaingia Ngerengere, na Ngerengere humwaga Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Thina inayosuuzwa kando ya mto haiishii kwenye jiwe la kufulia. Mabaki ya stika nayo yasichomwe pamoja na takataka, kwani PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, pamoja na sumu nyingine. Yakusanywe mfukoni yaende dampo.

Baada ya yote hayo, mara nyingi jina bado linasomeka. Si gundi tena: rangi iliyokuwa chini ya herufi haikupauka, ya pembeni imepauka, na tofauti hiyo inaandika jina upya. Gari jeupe huonyesha kidogo, jekundu na la bluu huonyesha sana. Polishi yenye chembe laini huipunguza tofauti hiyo kwa kuiparura rangi iliyopauka kiasi kidogo mno, ndiyo maana haifai kurudiwa mara kwa mara. Kupaka gari zima rangi nyingine ni uamuzi mkubwa zaidi, kwa kuwa kadi ya usajili inataja rangi, na mabadiliko hayo hupelekwa TRA.

Vioo vina masharti yake. Stika za leseni ya barabara, iliyofutwa mwaka 2017 na gharama yake kuhamishiwa kwenye mafuta, bado zimeganda kwenye vioo vya mbele vya magari ya zamani. Hapo wembe mpya ulioloweshwa maji ya sabuni na kulazwa karibu na kioo hufanya kazi safi. Kioo cha nyuma hakitaki wembe kabisa. Mistari ile myembamba ya kahawia ndiyo inayopasha kioo joto na kuondoa ukungu, jambo ambalo dereva anayepanda Nyandira asubuhi ya baridi analihitaji, na mstari mmoja ukikatwa haupitishi tena umeme.

Mwenye gari akitaka kuandika jina lake mara moja, jibu linategemea rangi iliyo chini. Juu ya rangi ya kiwandani iliyosafishwa ikakauka, stika mpya inaweza kubandikwa siku hiyohiyo. Juu ya rangi iliyopigwa wiki hii, isubiri wiki kadhaa, kwa sababu thina bado inatoka, na ikinaswa chini ya plastiki itainua herufi mpya kwa malengelenge.