Sumaku mlangoni, jicho la joto sebuleni

Pale Katonga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ratiba ya nyumba nyingi husomwa angani. Siku za giza maboti hutoka jioni kwenda kuvua dagaa na migebuka kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikikomaa, kazi hupungua na nyavu hupumzika. Mwizi naye anaijua kalenda hiyo. Anajua ni usiku gani baba mwenye nyumba na vijana wake wako majini hadi alfajiri, na anajua stooni kuna nini: mashine ya boti, nyavu, taa za kuvulia, betri, labda na paneli ya sola. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, mali hiyo ilikaa nchi kavu kwa miezi mitatu mfululizo.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kufuli kubwa, nondo madirishani na mbwa. Sasa maduka ya vifaa vya umeme yanauza vifurushi vya kengele za wizi: paneli, king'ora, vihisi viwili vitatu (mafundi wengi husema sensa) na rimoti. Mnunuzi huuliza bei na ukubwa wa sauti. Ni wachache wanaouliza swali lililo muhimu zaidi, yaani kifaa kitalia kwa sababu gani.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mtaa kama Katonga. Baadhi ya nyumba za Masaki jijini Dar es Salaam, au Karen kule Nairobi, zimeungwa na chumba cha kampuni ya ulinzi, na kengele ikilia gari hutumwa. Katonga king'ora kikilia wanaokuja ni majirani, waliotoka vitandani na panga au rungu mkononi. Wakija mara tatu wakakuta ni paka, mara ya nne watageukia upande wa pili na kulala. Na hilo ndilo tatizo jepesi. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiorodhesha watu waliouawa na makundi yenye hasira kwa kushukiwa tu, na kelele ya "mwizi!" usiku wa manane inaweza kumkuta mpita njia asiye na hatia akitoka msibani. Kwa hiyo kengele nzuri hapa ni ile isiyosema uongo, hata kama sauti yake ni ndogo.

Kwa kipimo hicho, kihisi cha mlango ndicho mkweli kuliko vyote. Kina vipande viwili. Kimoja ni sumaku, hufungwa kwenye ubao wa mlango. Cha pili hufungwa kwenye fremu, na ndani yake mna kijibomba cha kioo chenye vijiti viwili vyembamba vya chuma, ncha zao zikikaribiana bila kugusana. Mlango ukifungwa, sumaku hufika jirani na kuvivuta vijiti vikutane, umeme ukapita. Mlango ukifunguliwa, sumaku huenda zake, vijiti huachana kwa unyumbufu wao, umeme hukatika. Swichi ya aina hiyo ilibuniwa mwaka 1936 na Walter B. Ellwood katika maabara ya simu za Bell nchini Marekani, lakini wazo la kuufanya mlango wenyewe utoe taarifa kwa umeme ni la zamani zaidi. Juni 1853, Augustus Russell Pope, mchungaji wa kanisa huko Somerville, Massachusetts, alipewa hataza ya kengele ya umeme ya milango na madirisha, na baadaye Edwin Holmes akaununua ubunifu huo na kuufanya biashara.

Kwa nini umeme upite mlango ukiwa umefungwa, na si kinyume chake? Hapa ndipo penye akili ya mfumo mzima. Kama umeme ungesubiri mlango ufunguliwe ndipo upite, mwizi angekata waya kwanza kisha akaingia kimya kimya. Kwa kuwa unapita muda wote, waya ukikatwa paneli inaona sawasawa na mlango uliofunguliwa, nayo inapiga kelele. Mwizi mjuzi angeweza basi kuziunganisha nyaya mbili kabla ya kufika mlangoni, ili paneli idhani mlango umefungwa daima. Dawa yake ni rizista ndogo, kitu cha shilingi chache, inayowekwa mwisho wa waya ndani ya kihisi chenyewe. Paneli inajua upinzani inaotarajia, na ukipungua au ukizidi inashtuka. Mafundi wengi huiweka rizista hiyo ndani ya sanduku la paneli kwa sababu ni rahisi kufikia. Ikikaa huko haina kazi: nyaya zikiunganishwa njiani, paneli bado inauona upinzani wake mwenyewe.

Ufungaji nao una mambo yake. Kihisi cha kawaida huhitaji sumaku isiwe mbali kupita sentimita moja au mbili mlango ukiwa umefungwa. Milango ya mbao hunywa maji msimu wa mvua, ambao Kigoma huanza mnamo Oktoba na kufika Mei. Mlango uliokaa vizuri mwezi Agosti waweza kugoma kufunga sawasawa mwezi Januari, na pengo likaongezeka hadi paneli ikadhani umefunguliwa. Milango na mageti ya chuma yana shida nyingine, kwa sababu chuma huivuta nguvu ya sumaku upande wake, nayo ikafika kwenye swichi ikiwa dhaifu. Kwa hiyo kuna vihisi vya pengo pana, vyenye sumaku kubwa zaidi, vilivyokusudiwa chuma. Fundi anayebandika kijisumaku cha plastiki kwenye geti la chuma kwa gundi anamwandalia mteja wake usiku mwingi wa kelele za bure.

Mahali bora ni juu ya mlango, upande unaofunguka, mbali na bawaba. Pale mlango ukisogea kidogo tu sumaku imeshaenda mbali. Karibu na bawaba mtu anaweza kujipenyeza kabla swichi haijang'amua.

Ukweli wa kihisi hiki una mpaka. Kinajua jambo moja tu, kama mlango umesogea. Hakimjui aliyeng'oa bati mbili na kushukia sebuleni, wala aliyetoboa ukuta wa tofali mbichi nyuma ya stoo, wala aliyekata wavu wa dirisha na kumpitisha mtoto mwembamba kati ya nondo. Kwa wageni wa namna hiyo kuna kihisi cha mwendo.

Kile kidude cheupe kinachokaa kwenye kona ya ukuta hakirushi miale yoyote. Kinasubiri tu. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana, na ile ya mwili wa binadamu huwa na nguvu zaidi kwenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 9 hadi 10. Ndani ya kidude mna vipande viwili vidogo vinavyozalisha umeme kidogo joto linapobadilika. Vimeungwa kinyume, kiasi kwamba chumba kizima kikipata joto pole pole vinafutana na hakuna kinachotokea. Mbele yake pana lenzi ya plastiki yenye mistari, inayokikata chumba vipande vipande kama mtu achunguliaye kupitia fito za uzio: anayepita huonekana, akapotea, akaonekana tena. Ni huko kuonekana na kupotea kunakokiamsha kihisi. Mtu akisimama tuli, baada ya muda kihisi humsahau.

Kutokana na hilo, anayepita mbele ya kihisi kutoka kushoto kwenda kulia hunaswa haraka, ilhali anayekijia moja kwa moja anaweza kusogea hatua kadhaa kabla hajatambuliwa. Ukorido mrefu wa kuelekea vyumbani usielekezewe kihisi kutoka mwisho wake ikiwa kuna namna ya kukiweka ubavuni. Urefu wa kukifunga ukutani ni kama mita mbili na robo kutoka sakafuni, na uwezo wake wa kawaida ni mita 10 hadi 12. Mchana wa jua kali, chumba cha bati kisicho na siling bodi kinapokaribia joto la mwili, uwezo huo hupungua, maana kihisi hakimpimi mtu bali tofauti kati ya mtu na ukuta ulio nyuma yake.

Na hapo ndipo uongo unapoingia. Kihisi cha mwendo hakimjui mwizi, kinajua joto linalotembea. Nyumba za Katonga zimejaa joto linalotembea: jiko la mkaa lililoingizwa ndani kwa sababu ya mvua, pazia lililopigwa jua kisha likapeperushwa na upepo wa ziwani, paka, na kuku ambao familia nyingi huwalaza ndani kwa kuwaogopa wezi haohao. Vipo vihisi vinavyotangazwa kuwa havishtuki kwa mnyama wa chini ya kilo 20 au 25, na kwa mbwa anayetembea sakafuni ahadi hiyo hutimia. Kuku akiruka juu ya kabati, mbele kabisa ya lenzi, hesabu ya kilo haisaidii. Mjusi kafiri ndiye mbaya zaidi. Akipita juu ya lenzi yenyewe, kwa kihisi yeye ni jitu lililoziba chumba kizima. Matundu ya waya yazibwe, na lenzi ifutwe buibui kila mara.

Vipo pia vihisi vya njia mbili, vinavyochanganya joto na mawimbi madogo ya redio, vikalia pale tu njia zote mbili zinapokubaliana. Ni ghali kidogo, lakini kwa stoo ya mashine na nyavu, ambako hakuna anayelala, gharama hiyo inastahili kuliko kununua king'ora cha pili. Angalizo ni moja: mawimbi hayo hupenya mbao na siling bodi, kwa hiyo kisielekezwe kwenye ukuta mwembamba unaopakana na njia ya watu.

Mpangilio wenye busara, basi, ni kuanza na milango na madirisha, halafu kihisi kimoja cha mwendo mahali ambapo mwizi hana budi kupita, mara nyingi ukoridoni au stooni. Paneli nyingi zina hali mbili. Familia ikilala, milango hulindwa na kihisi cha mwendo huzimwa, ili mtoto aende chooni kwa amani. Nyumba ikiwa tupu, vyote huwashwa.

Vifurushi vya bei nafuu havina waya, na vingi hutumia masafa ya megahezi 433 kwa msimbo usiobadilika. Anayenasa mawimbi ya rimoti mara moja anaweza kuyarudia na kuizima kengele kutoka nje. Mwenye uwezo anunue yenye msimbo unaobadilika, au avute waya.

Kisha kuna simu. Paneli nyingi hubeba laini na kupiga namba zilizoandikishwa. Kosa la kawaida Katonga ni kuandika namba ya baba mwenye nyumba peke yake, ambaye saa hiyo yuko katikati ya ziwa lisilo na mtandao. Iandikwe ya mama, ya jirani na ya mjumbe wa mtaa. Laini hiyo husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo ijulikane ni ya nani. Ikiishiwa salio haipigi, na isipotumika kwa muda mrefu hufungwa; vyovyote vile paneli huwa bubu.

Upo wizi usioguswa na kifaa chochote kati ya hivi, na Ujiji inao mfano maarufu. Oktoba 1871, mpelelezi David Livingstone alirudi hapo kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa hoi, akitarajia kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar. Hakuna mlango uliokuwa umevunjwa. Sherif, mtu aliyekabidhiwa kuzileta na kuzitunza, alikuwa ameshaziuza akanunua pembe za ndovu, kwa madai kwamba mwenye mali alikwisha kufa. Leo mtu wa namna hiyo ni yule anayejua namba ya siri ya paneli. Ndiyo maana namba hubadilishwa kila mfanyakazi anapoondoka, na paneli nzuri humpa kila mtu namba yake na kuhifadhi kumbukumbu ya nani alizima saa ngapi.

Kuhusu umeme, mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na ulianza kupata umeme wa gridi ya taifa mwaka 2022. Kukatika hakujaisha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, inayokaa ndani ya paneli nyingi, ikilisha mfumo unaokula miliampea 150 ingetosha saa 46 kwa hesabu ya karatasi. Betri iliyozeeka haifiki hata nusu yake. Kuipima ni rahisi: zima swichi kuu ya nyumba jioni, acha mfumo ukiwa umewashwa, na asubuhi fungua mlango mmoja baada ya mwingine. Majirani waambiwe siku moja kabla.