Kukodi Gari Barbados: Ile Amana ya Kaunta Ambayo Wengi Hawaipangii

Barbados ni kisiwa kidogo. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 34, na upana wake ni kama kilomita 23. Mkenya huingia bila viza, magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, na usukani uko kulia. Kwa hivyo wawili wakipanga fungate, au familia ikiamua kukutana huko na binti anayefanya kazi London, wazo la kukodi gari huja haraka. Barabara tumezizoea, shida iko wapi?

Shida mara nyingi haiko barabarani. Iko kwenye kaunta, dakika chache baada ya kuchukua mizigo. Karani anataja bei ya siku saba uliyoikubali mtandaoni, halafu anataja kiasi kingine, pengine kikubwa kuliko ile bei yenyewe, na anataka kadi ya kukishikilia. Kama kadi haifai au salio halitoshi, gari hupati, hata kama ulilipia mapema.

Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo leo tunakueleza pesa hizo zinaenda wapi, zinarudi lini, na unavyoweza kujipanga ukiwa bado Nairobi, Kisumu au Mombasa.

Amana si malipo, lakini pesa huwezi kuzigusa

Ukikodi nyumba, mwenye nyumba anataka dipoziti kabla ya kukupa ufunguo. Kampuni ya magari nayo ina wasiwasi uleule: ukigonga gari, ukirudisha tanki tupu au ukichelewa siku nzima, italipwa na nani? Kwa hivyo inaomba mtoaji wa kadi yako atenge kiasi fulani mpaka gari lirudi.

Pesa hizo hazijahama. Ziko kwenye akaunti yako, ila zimefungiwa. Ukiangalia simu utaona salio lako limebaki lilelile lakini kiasi unachoweza kutumia kimepungua. Hapo ndipo wengi hushtuka na kudhani wameibiwa.

Aina ya kadi hubadilisha mambo. Kwa kadi ya mkopo, kinachofungiwa ni sehemu ya kikomo cha mkopo uliopewa na benki. Kwa kadi ya debiti au kadi iliyounganishwa na pochi ya simu, zinazofungiwa ni pesa zako halisi, zilezile ulizopangia chakula, hoteli na karo ya Januari.

Kufunguliwa nako kuna hatua mbili. Kampuni ya gari inatuma taarifa kwamba haihitaji tena amana, kisha mtoaji wa kadi anazifungua. Kati ya hatua hizo kunaweza kupita siku chache au hata wiki kadhaa. Ukirudi nyumbani tarehe 2 Januari ukitegemea pesa hizo kwa karo ya wiki hiyo, Njaanuary itakukuta mlangoni.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kawaida. Tuseme gari ni dola 70 za Marekani kwa siku, kwa siku saba, na amana ni dola 500. Tuseme pia dola moja ni shilingi 130.

Kukodi: dola 490, yaani shilingi 63,700.
Amana: dola 500, yaani shilingi 65,000.
Jumla inayotakiwa iwepo siku ya kuchukua gari: shilingi 128,700.

Wewe ulipanga elfu sitini na kitu, lakini kadi inatakiwa kubeba zaidi ya mara mbili ya hiyo. Na hapo bado hujanunua mafuta wala kula samaki pale Oistins Ijumaa jioni.

Kama unategemea pochi ya simu, kumbuka pia kuna ukomo wa salio. Mwezi Agosti 2023 Benki Kuu ya Kenya iliidhinisha ukomo huo kupanda kutoka shilingi 300,000 hadi 500,000. Unatosha kwa mfano wetu, lakini hoteli nayo ikitaka amana yake kwenye kadi ileile, utaubana haraka.

Ushauri wetu ni rahisi: tenganisha. Pesa za amana zikae kwenye kadi moja, pesa za matumizi ya kila siku kwenye nyingine. Hata amana ikichelewa kurudi, hutakwama njiani.

Maswali matano ya kuuliza kabla ya kulipa

Tuma barua pepe kwa kampuni ya magari ukiwa bado Kenya, na uhifadhi majibu yao kwenye simu. Maandishi yatakusaidia kuliko ahadi ya mdomo.

1. Amana ni kiasi gani, na ni kwa sarafu gani?

2. Mnaishikilia tu, au mnaitoza kisha mnairudisha? Hili ndilo swali muhimu zaidi. Ikishikiliwa na kuachiliwa, unarudi ulipokuwa. Lakini ikitozwa na kurudishwa, pesa zinabadilishwa kutoka shilingi kwenda dola na baadaye kutoka dola kurudi shilingi, kwa viwango viwili tofauti. Unaweza kupoteza kidogo bila hata mkwaruzo mmoja kwenye gari.

3. Mnakubali kadi ya debiti, au ya mkopo peke yake? Kampuni nyingi za kukodisha magari hupendelea kadi ya mkopo kwa amana, na baadhi hazikubali nyingine kabisa.

4. Ni lazima kadi iwe ya kushikika? Hapa tuwe wakweli. Kadi ya kidijitali iliyo ndani ya simu ni nzuri sana kwa kulipia tiketi na kuweka nafasi mtandaoni. Kwenye kaunta ya magari ni hadithi nyingine, kwa sababu karani mara nyingi hutaka kadi anayoweza kuishika, kuisoma jina na kuiingiza kwenye mashine. Usiende na kadi ya simu peke yake.

5. Jina kwenye kadi lifanane na la nani? Kwa kawaida ni la dereva mkuu. Binti yako wa London akikutumia picha ya kadi yake haitasaidia. Kama kadi ni yake, basi yeye ndiye awe dereva mkuu na awepo kwenye kaunta, nawe uongezwe kama dereva wa pili. Ulizia pia ada ya dereva wa pili na umri unaotakiwa, maana kampuni nyingi huweka kiwango cha miaka 21 au 25.

Bima: soma kile kinachobaki kwako

Karani atakuuliza kama unataka kinga ya uharibifu wa gari. Ukisikia "bima ipo", usitulie bado. Uliza kiasi cha kwanza cha hasara ambacho ni chako mwenyewe. Kinga nyingi zina kiwango hicho: ukigonga, wewe unalipa mpaka kiasi fulani na wao wanabeba kinachozidi. Amana mara nyingi inahusiana na kiasi hicho, ndiyo maana ukinunua kinga kubwa zaidi, amana inaweza kushuka.

Uliza pia kuhusu tairi, rimu, vioo na sehemu ya chini ya gari. Vitu hivi mara nyingi huachwa nje ya kinga, na barabara za ndani ya kisiwa ni nyembamba, zina kona kali kati ya mashamba ya miwa. Tairi ndiyo huumia kwanza.

Lipa kwa sarafu gani?

Dola ya Barbados imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1975: mbili zao kwa moja ya Marekani. Hesabu ni nyepesi, lakini kuna mtego mmoja. Ukiona bei imeandikwa kwa alama ya dola tu, uliza ni dola ipi. Gari la "dola 140" kwa siku linaweza kuwa la 70 za Marekani, au kweli la 140. Tofauti ni nusu kwa nusu.

Mtego wa pili uko kwenye mashine ya kadi. Skrini inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya. Inavutia, kwa sababu shilingi unaielewa. Lakini ukichagua shilingi, anayepanga kiwango cha kubadilisha ni mwenye mashine pamoja na washirika wake, na kwa kawaida kiwango hicho huwa ghali. Chagua sarafu ya huko, na uache mtoaji wa kadi yako abadilishe.

Laini yako ya Kenya iwe hewani

Malipo ya mtandaoni mara nyingi hayakamiliki bila nambari ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ukitoa laini yako ya Kenya na kuweka ya huko, ujumbe hutaupata. Kabla ya kusafiri, washa huduma ya laini kufanya kazi nje ya nchi, na umjulishe mtoaji wa kadi tarehe zako za safari ili malipo ya Barbados yasionekane kama wizi na kuzuiwa.

Na nambari hiyo ya siri, pamoja na PIN yako, hupewi karani, hupewi wakala, hupewi mtu yeyote. Hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.

Herufi H na mambo ya barabarani

Barbados ina alama nzuri ya kumtambua anayekodisha kihalali: nambari za magari ya kukodi huanza na herufi H. Mtu akikupatia gari la bei poa kupitia mtandao wa kijamii, akitaka umtumie pesa moja kwa moja, na gari kwenye picha halina H, achana naye. Pesa ulizomtumia mtu binafsi ni ngumu kurudishwa. Malipo ya kadi kwa kampuni iliyosajiliwa angalau yanakupa nafasi ya kulalamika kwa mtoaji wa kadi.

Utahitaji pia kibali cha dereva mgeni. Kampuni ya magari hukitoa ukionyesha leseni yako halali ya Kenya, na ada yake ni dola 10 za Barbados kwa miezi miwili. Beba leseni yenyewe, si picha.

Barabara kuu ya ABC, inayotoka karibu na uwanja wa ndege wa Grantley Adams na kuzunguka nje ya Bridgetown, ina raundabauti nyingi, mojawapo ikiwa na jina la gwiji wa kriketi Garfield Sobers. Ukomo wa mwendo hapo ni kilomita 80 kwa saa, barabara nyingi nyingine ni 60, na penye makazi mengi ni 40. Ukipigiwa honi usikasirike haraka, maana huko honi fupi mara nyingi ni salamu au asante.

Unahitaji gari siku zote saba?

Hili kampuni ya magari haitakuuliza, lakini sisi tutakuuliza. Barbados ina matatu zake. Ni vani nyeupe zenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, nambari zake huanza na ZR, muziki uko juu na abiria wanabanana kama kwetu. Pia kuna mabasi ya serikali ya buluu na yale ya manjano ya watu binafsi. Nauli ya kawaida imekuwa dola 3.50 za Barbados tangu 2019. Kama unakaa pwani ya kusini au magharibi, hayo yanakufikisha Bridgetown na fuo nyingi.

Basi kodi gari siku mbili au tatu, uende Bathsheba upande wa mashariki, Harrison's Cave katikati na Animal Flower Cave kule kaskazini kabisa. Kwa bei ya mfano wetu, kutoka siku saba hadi tatu unaokoa dola 280, zaidi ya shilingi 36,000. Amana inaweza kubaki ileile, lakini itashikiliwa kwa muda mfupi zaidi.

Siku ya kuchukua na siku ya kurudisha

Piga video ya gari lote kabla ya kuwasha injini: pande nne, rimu, kioo cha mbele, paa, kipimo cha mafuta na kilomita. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu kabla ya kutia sahihi. Ukirudisha, rudia video hiyohiyo, ikiwezekana mbele ya mfanyakazi wao.

Bili ya mwisho ilipe kwa kadi ileile iliyoshikilia amana. Ukitumia kadi nyingine, kampuni inaweza kusahau kuachilia ile ya kwanza. Omba risiti inayosema gari limepokelewa bila uharibifu na amana imeachiliwa, yenye tarehe. Ukifika Kenya na pesa bado zimefungiwa, risiti hiyo ndiyo utamwonyesha mtoaji wa kadi.

Ukiona makato mawili kwa siku chache, moja la amana na moja la bili, usipanike. Mara nyingi la amana hudondoka lenyewe. Lakini ukipita muda walioahidi kwenye barua pepe, andikia kampuni ya magari, kisha wasiliana na mtoaji wa kadi ukiwa na video, fomu na risiti. Usingoje miezi, kwa sababu malalamiko ya kadi yana muda wake.

Kabla hujakata tiketi, fungua simu uangalie: ukiondoa bei ya gari na amana, je, salio linalobaki linatosha kula, kulala na kulipa karo mkirudi? Kama jibu ni hapana, punguza siku za gari au tafuta lenye amana ndogo. Uamuzi huo ni afadhali uufanye sasa ukiwa nyumbani kuliko ukiwa kaunta, watoto wamechoka na foleni iko nyuma yako.