Jani la Chai ni Mali ya Nani?

Mtu asafiriye kwa njia kuu itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka hupita Keumbu, sokoni pajulikanapo kwa mikungu ya ndizi. Mwenye ndizi hana bwana. Apewapo bei asiyoipenda, huuweka mkungu wake chini akangoja mnunuzi mwingine. Lakini jirani yake mwenye chai, juu ya vilima vielekeavyo Kiamokama, hana ruhusa hiyo. Jani alilolipalilia kwa mikono yake, katika shamba alilorithi kwa baba yake, amefungwa kwa mkataba aliuze kwa kiwanda kimoja tu.

Jambo hili lina asili yake. Zamani chai ilikuwa ya makampuni makubwa ya Kericho, kama Brooke Bond na James Finlay, wala Mwafrika hakuachiwa kuipanda. Baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa 1954 mlango ulifunguliwa, na mwaka 1960 likaundwa shirika la mazao maalum, ambalo mwaka 1964 liligeuzwa kuwa KTDA. Shirika hilo liligawa miche, likajenga viwanda kwa fedha za mkopo, likapeleka magari vijijini. Mkopeshaji hutaka kujua atalipwaje; ndiyo sababu mkulima alikatazwa kuuza penginepo. Mwaka 2000 KTDA iliacha kuwa ya Serikali, ikawa kampuni ambayo hisa zake ni za viwanda, na hisa za viwanda ni za wakulima. Kwa maandishi, basi, mkulima ndiye mwenye kampuni. Ila mwenye mali huyu hungojeshwa sana.

Hulipwa sehemu kila mwezi, na salio, ambalo watu huliita bonasi, baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi wa Juni. Karo ya shule haingoji bonasi. Hapo ndipo hutokea mchuuzi na gari lake, akayanunua majani kando ya njia kwa fedha taslimu na kuyapeleka kwenye viwanda vya watu binafsi. Biashara hiyo huitwa soko huru, na mama mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo haoni kosa lolote ndani yake.

Wasimamizi wa kiwanda huliona kosa. Mashine zataka kuni, umeme na mishahara, zikijaa majani au zikiwa nusu tupu. Majani yakipungua, gharama ya kila kilo hupanda, na bonasi ya waliobaki waaminifu hushuka. Nao wakiona imeshuka, huenda kwa mchuuzi. Tena mchuuzi hajali kama ni majani mawili na chipukizi au ni majani makavu. Hoja hii ni ya kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba kiwanda kisichoogopa kuachwa hakina haraka ya kulipa.

Serikali nayo imeingia kati. Mwaka 2021 iliagiza wakurugenzi wachaguliwe kwa mkulima mmoja kura moja, badala ya kura kuhesabiwa kwa wingi wa hisa. Sheria ya Chai ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, iliirudisha Bodi ya Chai kuwa msimamizi, na KTDA ikaenda mahakamani kupinga baadhi ya vifungu vyake. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa katika mnada wa Mombasa, dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini wanunuzi waliiacha chai nyingi ghalani, hasa ile ya magharibi ya Bonde la Ufa, ambayo ndiyo ya Kisii. Bei hiyo iliondolewa mwaka 2024.

Katika vilima hivyo mkulima mwenye busara amejitungia njia yake. Kikapu cha kwanza hukipeleka kwenye mizani ya kiwanda, jina lake lisifutwe katika daftari. Cha pili hukificha migombani mpaka jioni, gari la mchuuzi lipite.