Udongo wa Kivungulio: Matikiti Hayapendi Udongo Uliochoka

Mkulima mwenye kivungulio, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea, hutoa fedha nyingi kabla hajavuna hata tunda moja. Hununua plastiki, mbao, tangi na mipira ya kumwagilia kwa matone. Kwa hiyo yafaa ajue mapema kwamba mali hiyo yote imesimama juu ya udongo. Udongo ukiharibika, plastiki haitamsaidia.

Habari hizi ni za tikiti tamu, lile la mviringo lenye harufu nzuri na nyama ya rangi ya chungwa au kijani, siyo tikiti maji. Tikiti hili hupenda joto, na katika sehemu za baridi kama Kinangop na Ol Kalou haliwezi kustawi vizuri nje. Ndani ya kivungulio hupata joto, lakini huko udongo wake huchoka upesi.

Kwa nini udongo huchoka

Udongo wa nje huoshwa na mvua. Udongo wa ndani haupati mvua. Mbolea ya dukani ni namna ya chumvi, na ile ambayo mmea haukuitumia hubaki ardhini. Jua likikausha udongo, maji hupanda juu pamoja na chumvi, nawe utaona kama unga mweupe juu ya matuta. Majani huungua kingoni, na miche hudumaa.

Tena mkulima hupanda mahali pale pale kila msimu, na wadudu na magonjwa ya udongo hupata chakula bila kukoma. Mara nyingi zao la kwanza huwa zuri, la pili hupungua, na la tatu hunyauka. Mkulima hulaumu mbegu. Afadhali ang'oe mmea mmoja atazame mizizi yake.

1. Pima udongo kwanza

Chukua udongo mahali kama 10 ndani ya kivungulio, kina cha sentimita 20. Changanya katika ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, kisha toa nusu kilo upeleke kupimwa. Maabara ya KALRO yaliyoko Kabete hupima udongo, na Afisa wa Kilimo wa wadi yako atakuonyesha njia. Kipimo cha pH kinachofaa matikiti ni kati ya 6 na 6.8. Usitie chokaa kwa kubahatisha, ngoja majibu. Wala usitie chokaa na samadi siku moja, kwa maana nguvu ya samadi itapotea hewani.

2. Matuta na samadi

Matikiti hayapendi maji yaliyotuama. Inua matuta sentimita 20 mpaka 30. Kivungulio cha mita 8 kwa 15 hutosha matuta 5 ya upana wa mita 1, na njia za nusu mita kati yake na kando.

Tia samadi iliyooza kabisa, kilo 2 mpaka 4 kwa kila mita 1 mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, utapata majani mengi na matunda machache. Matunda yanapoanza kukua, mmea huhitaji zaidi potasiamu, ambayo husaidia utamu.

3. Osha chumvi

Kati ya zao moja na jingine, mwagilia maji matupu yasiyo na mbolea. Lita 150 kwa kila mita 1 mraba huweza kuondoa karibu nusu ya chumvi, ikiwa maji yana mahali pa kutokea. Tuta moja la mita 15 litahitaji lita 2,250. Yatie polepole kwa siku kadhaa, na chimba mtaro wa kuyatoa nje. Kama maji ni haba, ngoja wakati wa kubadili plastiki iliyochakaa. Vua ile ya zamani mwanzo wa mvua za masika, uiache mvua ioshe udongo bila gharama.

4. Minyoo na mnyauko

Ukiona vinundu kwenye mizizi, ni kazi ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Minyoo hiyo hushambulia pia nyanya na matango. Dawa rahisi ni jua. Mwezi wa Januari na Februari, baada ya kutengeneza matuta na kutia samadi, lowesha udongo, funika kwa plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, na fukia kingo zake. Funga milango na madirisha kwa wiki 4 mpaka 6. Baadaye usilime tena kwa kina, maana utaleta juu minyoo iliyojificha chini.

Mmea ulionyauka ung'oe pamoja na mizizi, uuchome. Usiutupe kwenye shimo la mboji. Ukungu unaoleta mnyauko wa matikiti huweza kukaa ardhini miaka mingi.

5. Badili mimea

Baada ya matikiti usipande matango, maboga wala tikiti maji. Hao wote ni ukoo mmoja. Panda vitunguu, au marejea. Marejea hupunguza minyoo ile ya vinundu, nayo ikikatwa na kufukiwa kabla ya kutoa maua hurutubisha udongo.

6. Linda mlango

Ugonjwa huingia kwa viatu na jembe. Weka mlangoni karai lenye dawa ya kuua viini, kila aingiaye akanyage humo, hata awe mgeni wa heshima. Jembe la kivungulioni lisitumike shambani.

Wako watakaosema kwamba kupumzisha kivungulio wiki 6 ni kupoteza mapato. Na wafanye hesabu. Wiki 6 bila zao ni hasara ndogo kuliko msimu mzima wa mbegu, mbolea na jasho, ukaisha kwa mimea iliyonyauka matunda yakiwa bado mabichi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.