Gemu za Mtandaoni (4): Nani Atunze Siri za Mchezo?

Jumapili ya Machi 17, 2024, fainali za Amerika Kaskazini za mashindano ya gemu ya kufyatuliana risasi ya Apex Legends zilikatika njiani. Mchezaji wa timu ya DarkZero anayejulikana kama Genburten aliona menyu ya udanganyifu ikijitokeza kwenye skrini yake, na mara maadui wote wakaonekana kupitia kuta. Hakuinunua wala hakuiwasha yeye. Akajitoa. Baadaye kidogo ImperialHal wa timu ya TSM naye akakuta bunduki yake inajilenga yenyewe. Waandaaji wakaahirisha fainali.

Tangu siku hiyo watu wanauliza mdukuzi aliingiaje. Ni swali zuri, na wahandisi wapo wa kulijibu. Linalonikera mimi ni jingine: kwa nini kompyuta ya Genburten ilikuwa na habari za maadui ambao hakustahili kuwaona?

Katika sehemu ya pili tuliona seva inavyopeleka taarifa kwa kila mchezaji mara nyingi kwa sekunde. Hupeleka hata mahali alipo adui aliyejificha nyuma ya ukuta, ili akichomoza achorwe papo hapo. Kwa hiyo siri imeshafika nyumbani kwa mchezaji. Kilichobaki ni kutochorwa tu. Ni kama kucheza karata huku za mpinzani zimelazwa kifudifudi mbele yako, ukaambiwa usizifunue. Wolihaki, programu ya kuona kupitia kuta, huzifunua. Aimboti, programu ya kumlengea mchezaji, husoma namba zilezile kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani mahali ulipo wewe na kilipo kichwa cha adui, ikapiga hesabu ya pembetatu ya sekondari, kisha ikausogeza mtutu. Hakuna uchawi wowote.

Na haya yote yalijulikana zamani, pamoja na kwamba si kila ujanja ni wizi. Mwaka 1986 Lucasfilm Games walianza kuujaribu mji wa kuchorwa ulioitwa Habitat. Wakazi wake waliingia kwa kompyuta za Commodore 64, kupitia laini za simu na huduma ya Quantum Link. Kila mkazi mpya alipewa tokeni 2,000. Mjini kulikuwa na mashine za kuuza bidhaa na nyingine za kununua vitu kutoka kwa wakazi. Mashine moja iliuza wanasesere kwa tokeni 75, na upande wa pili wa mji mashine nyingine ikawanunua kwa 100. Kulikuwa pia na tufe za kioo za kuagulia: bei ya kununua 18,000, bei ya kuuza 30,000. Wakazi wachache wakaling'amua hilo. Wakabeba wanasesere, wakauza, wakarudi kubeba wengine, saa baada ya saa, hadi wakapata mtaji wa tufe moja, kisha nyingine. Kulipokucha, fedha zilizomo mjini zilikuwa zimeongezeka mara tano.

Wasimamizi, Chip Morningstar na Randy Farmer, walipowauliza, wakazi hao walishikilia kwamba mali ni yao kihalali, na siri hawakuitoa mpaka walipobembelezwa sana. Nami nawaunga mkono. Bei walizipanga wenye mji, mlango ulikuwa wazi kwa kila mkazi, na utajiri ule waliutumia kuandaa misako ya hazina yenye zawadi kwa wenzao. Kumwita mtu wa namna hiyo mdukuzi ni kumwonea. Mwizi ni yule anayebadilisha programu ili aone asichoruhusiwa mwenzake, kisha akajisifu kwa shabaha isiyo yake. Na kijana anayenunua programu hiyo kwa muuzaji asiyemjua, akazima ulinzi wa kompyuta yake ili ifanye kazi, ameuza heshima yake na usalama wake kwa mpigo mmoja.

Kuhusu mwizi wa namna hiyo, somo walilotoa Morningstar na Farmer mwaka 1990 lilikuwa wazi: kompyuta iliyo mikononi mwa mchezaji isiaminiwe. Wengi hawakusikia. Gemu ya kwanza ya Diablo iliweka faili la shujaa kwenye diski ya mchezaji mwenyewe, na watu wakajiandikia nguvu na kunakili silaha walivyotaka. Ilibidi isubiriwe Diablo II, mwaka 2000, ndipo mashujaa wakahifadhiwa kwenye seva za Blizzard, kampuni yenye gemu hiyo.

Leo makampuni yamependa dawa nyingine, mlinzi anayekaa ndani ya kompyuta ya mchezaji. Vanguard ya kampuni ya Riot, iliyokuja na gemu yao ya Valorant mwaka 2020, huamka kompyuta inapowashwa, ikiwa na mamlaka kuliko programu nyingi zilizomo. Siikubali. Mchezaji mwaminifu anakabidhi funguo za mashine anayofanyia kazi na benki, ilhali mdanganyifu amehamia kwenye kadi ya pembeni inayoipelekea kompyuta ya pili kila kilichomo kwenye kumbukumbu.

Hata hivyo, Riot hao hao walifanya jambo la maana kwenye Valorant: seva haitoi mahali alipo adui mpaka awe karibu kuonekana. Aimboti bado itamlenga akishatokea, lakini wolihaki hunyimwa karibu kila ilichokuja kuiba. Gharama yake ni hesabu. Kwa wachezaji 10, kila mmoja akiwa na maadui watano, seva inapima mistari ya macho 50, yaani nani anaweza kumwona nani. Apex ina wachezaji 60 katika timu za watatu watatu, kila mmoja na maadui 57, kwa hiyo ni mistari 3,420, tena kwenye uwanja mpana wenye kuta chache. Sehemu ya tano itaanzia kwenye hesabu hiyo.